Mafunzo ya shahada ya uuguzi nchini Tanzania

Mafunzo ya shahada ya uuguzi ni masomo ya chuo kikuu yanayomwandaa mwanafunzi kuwa muuguzi na mkunga. Nchini Tanzania masomo hayo huchukua miaka minne, na baada yake mhitimu hufanya mwaka mmoja wa utarajali katika hospitali kabla ya kupewa leseni kamili. Mwanafunzi hujifunza sayansi ya mwili wa binadamu, dawa, ukunga, afya ya akili, afya ya jamii, utafiti na uongozi. Sehemu kubwa ya mafunzo hufanyika nje ya darasa, yaani wodini, kliniki na vijijini.

Makala hii inaeleza yale wanayojifunza wanafunzi hao, kwa mifano mingi kutoka Mkoa wa Kagera, hasa wilaya za Bukoba na Muleba. Mkoa huo unafaa kutolewa mfano kwa sababu mambo mengi yaliyomo katika mitaala ya uuguzi yametokea huko kwa uzito wake wote: UKIMWI, milipuko ya malaria, homa ya Marburg, tetemeko la ardhi na ajali za usafiri ziwani. Pia katika kata za vijijini kama Ngenge, wilayani Muleba, mtu wa kwanza kumpokea mgonjwa mara nyingi ni muuguzi, si daktari.

Ngazi za elimu ya uuguzi

Nchini Tanzania kuna njia tatu kuu za kuingia katika uuguzi. Astashahada huchukua miaka miwili, stashahada miaka mitatu, na shahada miaka minne. Katika utumishi wa umma anayeanza kazi kwa astashahada huitwa Muuguzi, mwenye stashahada huitwa Afisa Muuguzi Msaidizi, na mwenye shahada huitwa Afisa Muuguzi. Vyuo vya ngazi mbili za kwanza husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET), na vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Juu ya wote lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ambalo linafanya kazi kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Baraza ndilo linalosajili wauguzi na kutoa leseni, na kufanya kazi ya uuguzi bila leseni ni kosa kisheria.

Anayetoka kidato cha sita huhitaji ufaulu wa masomo ya sayansi, hasa kemia na biolojia. Mwenye stashahada ambaye tayari ni muuguzi anaweza pia kujiunga na shahada, kwa hiyo darasa moja huweza kuwa na kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kushika bomba la sindano na mama wa miaka 38 aliyezalisha mamia ya wanawake. Wahadhiri wengi huona mchanganyiko huo kuwa faida, ingawa wa pili huchoka kufundishwa upya namna ya kutandika kitanda.

Historia kwa ufupi

Uuguzi wa kisasa ulienea Tanganyika kupitia hospitali za serikali ya kikoloni na hospitali za misheni. Katika eneo la Bukoba na Muleba hospitali za makanisa zilikuwa na nafasi kubwa: Ndolage ya Walutheri, karibu na Kamachumu, na Rubya na Kagondo za Wakatoliki. Ndolage na Rubya zilikuwa pia mahali pa kufundishia wauguzi, na kizazi baada ya kizazi cha wauguzi wa Kagera kimepita huko.

Shahada ilikuja baadaye sana. Kwa miaka mingi muuguzi aliyetaka kusoma chuo kikuu alilazimika kwenda nje ya nchi. Muhimbili, jijini Dar es Salaam, ilianza kutoa shahada ya uuguzi mwishoni mwa miaka ya 1980, ikiwa bado ni kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tangu mwaka 2007 ni chuo kikuu kamili kwa jina la MUHAS. Vilifuata vyuo vingine, vikiwemo Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki, Chuo Kikuu cha Aga Khan, chuo cha KCMC mjini Moshi, Chuo Kikuu cha Dodoma, na chuo cha Bugando mjini Mwanza (CUHAS), kilichoanza mwaka 2003. Kwa mwanafunzi anayetoka Ngenge au Bukoba mjini, Bugando ndiyo iliyo karibu, nayo ni pia hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa.

Masomo ya msingi

Mwaka wa kwanza hutumika kwa anatomia, fiziolojia, biokemia, mikrobiolojia na parasitolojia, pamoja na saikolojia, sosholojia, mawasiliano na misingi ya uuguzi. Farmakolojia na patholojia hufuata. Mpangilio hutofautiana kati ya chuo na chuo, lakini mambo yenyewe ni yale yale.

Kinachowatenganisha na wanafunzi wa udaktari ni namna ya kufikiri wanayofundishwa tangu mwanzo, inayoitwa mchakato wa uuguzi. Una hatua tano: kukusanya taarifa za mgonjwa, kutambua tatizo la kiuguzi, kupanga huduma, kutekeleza, na kupima matokeo. Tatizo la kiuguzi si jina la ugonjwa. Daktari anaweza kuandika kwamba mgonjwa ana kiharusi. Muuguzi anaandika kwamba mgonjwa hawezi kujigeuza kitandani na yumo hatarini kupata vidonda vya mgandamizo, kwamba anapaliwa anapomeza maji, na kwamba mke wake hajui namna ya kumhudumia nyumbani. Kila moja kati ya hayo lina mpango wake: kumgeuza kila baada ya saa mbili, kumlisha akiwa ameketi wima, kumfundisha mke. Wanafunzi wengi hulalamika kuwa kuandika mipango hiyo ni kazi ya kuchosha, na katika wodi yenye wagonjwa 40 na wauguzi wawili mipango kamili haiandikwi. Hata hivyo anayeifahamu hufikiri kwa utaratibu huo hata asipoandika.

Hesabu ya dawa ni sehemu nyingine isiyo na mchezo. Mfano wa kawaida ni dripu. Ikiwa mgonjwa anatakiwa kupata mililita 1000 kwa saa 8, na mpira wa dripu unatoa matone 20 kwa kila mililita, basi matone yote ni 20,000 na dakika ni 480, hivyo dripu itadondoka takriban matone 42 kwa dakika. Kwa mtoto hesabu hufuata uzito. Mtoto wa kilo 12 anayepewa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo anahitaji miligramu 180. Ikiwa dawa ya maji ina miligramu 120 katika mililita 5, atapewa mililita 7.5. Nukta ikisahaulika, mililita 7.5 zinasomeka 75, yaani dozi mara kumi. Ndiyo sababu katika vyuo vingi mtihani wa hesabu za dawa una kiwango cha kufaulu kilicho juu kuliko mitihani mingine.

Pamoja na hesabu hufundishwa kanuni ya usahihi: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi na muda sahihi, kisha kuandika mara tu dawa inapotolewa. Mgonjwa huulizwa jina lake kamili, wala haulizwi "wewe ndiye fulani?", kwa maana mgonjwa mwenye homa kali huitikia jina lolote.

Maabara ya stadi

Kabla ya kumgusa mgonjwa, mwanafunzi hufanya mazoezi kwenye sanamu za mwili wa binadamu. Hapo hujifunza kupima joto, mapigo ya moyo, upumuaji na shinikizo la damu, kuchoma sindano, kuweka kanula, katheta na mpira wa kulishia, kusafisha kidonda, kumwogesha mgonjwa asiyeweza kuamka, na kuhudumia maiti kwa heshima. Mtihani wake hufanywa kwa vituo: mwanafunzi hupita meza hadi meza, kila moja ina kazi moja na dakika chache, na mtahini ana orodha ya hatua mkononi. Kusahau kunawa mikono mwanzoni kunaweza kuangusha kituo kizima.

Je, ujuzi wa maabara hufika wodini? Tanzania imechangia jibu muhimu duniani kuhusu swali hilo. Programu ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, inayofundisha kumkausha mtoto, kumchochea na kumpulizia hewa kwa puto na barakoa ndani ya dakika ya kwanza, ilijaribiwa katika hospitali nane nchini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Lakini katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti waliona jambo jingine: baada ya kozi ya siku moja wahudumu walifanya vizuri zaidi kwenye sanamu, ila utendaji wao kwa watoto halisi haukubadilika. Mabadiliko yalikuja pale yalipoanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini. Kwa hiyo siku hizi husisitizwa kuwa sanamu ikae karibu na chumba cha kujifungulia, isifungiwe kabatini chuoni.

Mafunzo ya wodini

Mwanafunzi huzungushwa katika wodi za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, wazazi, chumba cha upasuaji, wagonjwa mahututi na idara ya dharura. Kwa afya ya akili wengi hupelekwa Mirembe, Dodoma, au katika vitengo vya hospitali za rufaa. Kila mmoja hubeba kitabu cha kumbukumbu ambamo kazi anazofanya huandikwa na kusainiwa na muuguzi msimamizi: wanawake kadhaa aliowazalisha, katheta kadhaa alizoweka, na kadhalika. Idadi isipotimia, hawezi kuhitimu.

Siku huanza kwa makabidhiano ya zamu. Wauguzi wa usiku hupita kitanda kwa kitanda na wale wa asubuhi wakieleza hali ya kila mgonjwa, na mwanafunzi hutakiwa kusikiliza akiwa na daftari. Hapo ndipo hujifunza mambo yasiyo katika vitabu: mgonjwa gani hajalala, nani hana ndugu wa kumletea chakula, nani ameacha kunywa dawa bila kusema. Katika hospitali nyingi za Tanzania ndugu ndio wanaoleta chakula, kuosha nguo na mara nyingi kumgeuza mgonjwa, hivyo kumwelekeza ndugu ni sehemu ya kazi ya muuguzi.

Tatizo linalotajwa sana ni wanafunzi kuwa wengi kuliko vitanda. Hospitali moja huweza kupokea wanafunzi wa uuguzi wa astashahada, stashahada na shahada, wa udaktari na wa utabibu kwa wakati mmoja, na mama mmoja mwenye uchungu akajikuta amezungukwa na vijana saba. Kinyume chake pia hutokea: wauguzi wakiwa wachache, mwanafunzi hutumiwa kama mtumishi wa ziada, akapima presha wodi nzima asubuhi hadi jioni na asifundishwe chochote. Vyuo hujaribu kuzuia yote mawili kwa kuweka wauguzi wasimamizi waliopewa mafunzo ya kufundisha. Hospitali za wilaya na za misheni, ambazo hazina wanafunzi wengi, huweza kumpa mwanafunzi nafasi zaidi ya kutenda kuliko hospitali kubwa za mijini.

Ukunga

Tanzania haijatenganisha kabisa uuguzi na ukunga. Afisa muuguzi anatarajiwa kuweza kuzalisha, na kwa mtu atakayepangiwa kituo cha kijijini somo hili ndilo lenye uzito kuliko yote.

Mwanafunzi hujifunza kumhudumia mjamzito kliniki: kupima shinikizo la damu, wingi wa damu, mkojo, Virusi vya UKIMWI na kaswende, kutoa vidonge vya madini ya chuma na dawa ya kuzuia malaria. Hujifunza kufuatilia uchungu kwa patografu, ambayo ni karatasi ya kuchora mwendo wa mlango wa kizazi kufunguka, mapigo ya moyo wa mtoto na hali ya mama. Moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa katika uchungu uliokolea na kila dakika tano mama anaposukuma; kawaida ni mapigo 110 hadi 160 kwa dakika. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi mpya ya ufuatiliaji inayohesabu uchungu uliokolea kuanzia sentimita 5 badala ya 4, na mitaala imekuwa ikibadilika kuifuata. Mtoto akizaliwa hupimwa kwa alama za Apgar katika dakika ya kwanza na ya tano. Alama hizo zilibuniwa na daktari Mmarekani Virginia Apgar mwaka 1952.

Kwa kifafa cha mimba hufundishwa kutoa salfati ya magnesiamu. Dawa hii huokoa maisha lakini ikizidi husimamisha upumuaji, kwa hiyo kabla ya kila dozi muuguzi huhakikisha kuwa mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti lake linaruka likigongwa, na mkojo unatoka angalau mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti huwekwa karibu kama dawa ya kukinza.

Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ni jambo ambalo mwanafunzi hulirudia mpaka mikono ifanye kabla ya akili. Mama anaweza kupoteza maisha ndani ya saa chache, na katika zahanati usiku huenda yupo muuguzi mmoja tu na mlinzi. Hatua zake ni hizi: kuita msaada, kusugua mfuko wa uzazi ugande, kutoa oksitosini, kuondoa mkojo kwenye kibofu, kuweka kanula kubwa na kuanzisha dripu, kutoa asidi ya traneksami ndani ya saa tatu tangu kujifungua, kuangalia kama kondo limetoka lote na kama kuna mchaniko. Damu isipokoma, mfuko wa uzazi hubanwa kwa mikono miwili hadi msaada ufike. Zamani damu ilikadiriwa kwa macho, na macho hudanganya, kwani damu iliyonywewa na khanga na shuka haionekani yote. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2023, ulitumia plastiki yenye vipimo inayowekwa chini ya mama kukusanya damu, na matibabu yote yakatolewa kwa pamoja mara tu kiasi kilipozidi. Matukio ya kutokwa damu kwa kiwango cha hatari, pamoja na upasuaji na vifo vitokanavyo nayo, yalipungua kwa asilimia 60. Walioifanya kazi hiyo wengi wao walikuwa wakunga na wauguzi.

Rufaa nayo ni somo. Wilaya ya Muleba ina vijiji vya bara na visiwa vya Ziwa Viktoria kama Bumbire, Ikuza na Goziba, ambako mgonjwa husafirishwa kwa boti na hali ya hewa ndiyo inayoamua. Mwanafunzi hufundishwa kuandika barua ya rufaa yenye taarifa kamili, kupiga simu mapema, kumsindikiza mgonjwa, na kutumia mfumo wa M-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, unaopatikana kwa namba 115.

Afya ya jamii

Kwa majuma kadhaa wanafunzi hukaa vijijini. Hutembelea kaya, hukutana na mwenyekiti wa kijiji na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, hukagua vyoo na vyanzo vya maji, hupima watoto uzito, kisha huandika ripoti inayoitwa utambuzi wa matatizo ya jamii. Kata kama Ngenge inaweza kumfundisha mwanafunzi wa mjini mambo ambayo hospitali haiwezi, kwa mfano gharama halisi ya kufika kliniki: nauli ya bodaboda, siku nzima ya shamba iliyopotea, na watoto walioachwa kwa jirani.

Lishe ni mfano mzuri. Chakula kikuu cha Wahaya ni ndizi, ambazo zinashibisha lakini zina protini kidogo. Mtoto anayeachishwa ziwa kwa ndizi pekee anaweza kuonekana ameshiba huku akielekea utapiamlo. Muuguzi anayekuja na orodha ya vyakula vya dukani hatasikilizwa. Anayeshauri ndizi zipondwe na maharagwe, dagaa wa ziwani na mboga za majani anazungumzia vilivyomo jikoni.

Chanjo hufundishwa pamoja na utunzaji wake. Watoto hupata chanjo ya kifua kikuu na ya polio wanapozaliwa, kisha huchanjwa wakiwa na majuma 6, 10 na 14, na ya surua na rubela miezi 9 na 18. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na muuguzi huandika joto la jokofu mara mbili kwa siku. Chanjo iliyoharibika kwa joto au kwa kuganda hufanana na nzima, na mtoto aliyechanjwa kwayo huandikwa kadini kuwa amekingwa.

Malaria ina historia yake Muleba. Wilaya hiyo ilikumbwa na mlipuko mkubwa mwaka 2006, na tangu mwaka 2007 nyumba zilipuliziwa dawa ya ukoko. Baadaye mbu walionekana kuwa sugu kwa dawa zinazotumika kwenye vyandarua. Jaribio lililofanyika Muleba likalinganisha vyandarua vya kawaida na vile vilivyoongezwa kiambata kinachovunja usugu huo, na vya pili vikashinda. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua hivyo, likitumia ushahidi wa Muleba, na ripoti kamili ilitoka katika jarida la Lancet mwaka 2018. Wanafunzi wanaosoma epidemiolojia hukutana na jina la wilaya hiyo katika machapisho ya kimataifa.

UKIMWI na siri ya mgonjwa

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wauguzi wa miaka ile walihudumia watu waliokuwa wakikonda na kufa bila dawa, wakati ambapo majirani walizungumzia uchawi. Leo ugonjwa unadhibitiwa kwa kumeza dawa kila siku, na muuguzi ndiye anayepima, kushauri na kufuatilia dawa katika vituo vingi. Mwanafunzi hujifunza kumkinga mtoto wa mama mwenye maambukizi, kupima damu ya mtoto iliyokaushwa kwenye karatasi akiwa na majuma 4 hadi 6, na kushauri wenza ambao mmoja ana maambukizi na mwingine hana.

Maadili hufundishwa hapa kwa mifano isiyo ya kubuni. Katika kijiji muuguzi hujuana na wote. Mama mkwe humuuliza kwa upole dawa alizopewa mkwewe ni za nini, na kwa desturi si rahisi kumnyima mkubwa jibu. Sheria na kiapo vinamtaka anyamaze. Mwanafunzi hufanyishwa mazoezi ya kukataa bila kuvunja heshima, kwa mfano kumwambia bibi kwamba swali hilo ni zuri zaidi akimuuliza mwenyewe.

Mwanafunzi anayejichoma sindano iliyotumika hutakiwa kuosha jeraha kwa maji na sabuni, kutoa taarifa mara moja, na kuanza dawa za kinga mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72, kwa siku 28. Wengi huficha kwa aibu, na saa zikapita.

Magonjwa ya mlipuko na maafa

Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza mlipuko wa homa ya Marburg katika Wilaya ya Bukoba, wa kwanza kuripotiwa nchini. Watu 9 waliugua na 6 wakafariki, akiwemo mhudumu wa afya. Ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni 2023, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya muda mrefu zaidi ambao kirusi hukaa mwilini kabla ya dalili. Mlipuko wa pili ulitangazwa Januari 2025 katika Wilaya ya Biharamulo. Watu 10 walihesabiwa kuugua na wote wakafariki, kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025.

Kabla ya hapo, somo la vifaa kinga lilikuwa kwa wanafunzi wengi ukurasa wa kitabu. Kuvaa si kazi ngumu. Hatari kubwa iko katika kuvua, kwa sababu upande wa nje umechafuka na aliyevaa amechoka, ametoka jasho na ana haraka. Huvua hatua kwa hatua akisimamiwa na mwenzake anayesoma orodha kwa sauti, na hutakasa mikono kila hatua. Jambo gumu zaidi hutokea mapema zaidi, siku ya kwanza, mgonjwa anapofika na homa, kuhara na kutapika. Dalili hizo ni za malaria na za homa ya matumbo pia. Muuguzi wa zahanati hana kipimo cha Marburg. Alicho nacho ni tabia ya kuvaa glovu kwa kila mgonjwa, kuuliza kama nyumbani kuna aliyefariki karibuni, kumtenga anayetiliwa shaka na kutoa taarifa. Kagera inapakana na Uganda, Rwanda na Burundi, na watu huvuka kila siku.

Kwa maafa, hufundishwa kupanga majeruhi kwa rangi: nyekundu kwa wanaohitaji huduma sasa, njano kwa wanaoweza kusubiri kidogo, kijani kwa wenye majeraha madogo, na nyeusi kwa waliofariki au wasioweza kuokolewa. Mifano ya mkoa ipo: kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, na ndege iliyoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ambapo walikufa watu 19 kati ya 43. Majeruhi anayepiga kelele ana njia ya hewa iliyo wazi. Aliye kimya ndiye wa kutazamwa kwanza.

Lugha

Vitabu, mihadhara na mitihani ya shahada ni kwa Kiingereza, wodini watu huzungumza Kiswahili, na mzee wa Muleba anaweza kueleza maumivu yake kwa Kihaya tu. Mwanafunzi hupokea maelezo kwa lugha moja na kuyaandika kwa nyingine, mara nyingi kupitia mjukuu anayetafsiri. Mjukuu hupunguza maneno, hasa yanayohusu sehemu za siri. Hakuna somo rasmi la kutosha kuhusu jambo hilo, na wanafunzi hulijifunza kwa kuiga wauguzi wazoefu, ambao kwa maswali hayo humtoa mjukuu nje na kumtafuta muuguzi mwenye kuijua lugha.

Utarajali na baada ya hapo

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi hufanya utafiti mdogo, na husoma uongozi wa wodi na mbinu za kufundisha. Baada ya kuhitimu hufanya utarajali wa miezi 12 katika hospitali zilizoidhinishwa, akipita idara kuu na kupata posho. Baraza la Uuguzi na Ukunga humfanyia mtihani wa leseni. Leseni huhuishwa, na kwa hilo muuguzi hutakiwa kuendelea kujifunza akiwa kazini.

Kazi serikalini hutangazwa kwa vipindi, na si wote wanaozipata upesi, ingawa zahanati nyingi zina upungufu wa wauguzi. Wengine huenda hospitali binafsi na za makanisa, na wengine hujitolea huku wakisubiri. Anayeajiriwa na halmashauri huweza kupangiwa kata asiyowahi kuisikia, akakuta nyumba ya mtumishi yenye paa linalovuja, jokofu la chanjo, kitanda kimoja cha kujifungulia na foleni ya kina mama iliyoanza kabla ya jua kuchomoza.